Kasuku wa Mkomani aliyekuwa akianguka

Kazi yangu ni punda. Mbuzi pia, na ng'ombe wa ng'ambo wenyewe wakiniita, lakini anayetibu wanyama Lamu hutibu punda kwanza: vidonda vya mgongo, kwato, matumbo yaliyoziba kwa kula plastiki. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuitwa kwa ndege ambaye si wa kuchinjwa. Ndiyo maana kisa hiki nimekiandika kirefu, pamoja na pale nilipokosea, kwa idhini ya wenyewe. Majina yao nimeyaacha. Jina la mgonjwa naweza kulitaja: anaitwa Maneno.

Nyumba iko Mkomani, mtaa wa mjini Lamu, ya mawe, yenye kuta nene na kiwanda kidogo katikati, yaani uwanja wa ndani usio na paa. Mwenye nyumba ni mama aliyepita miaka sabini, mjane tangu 2019. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, Mombasa hadi Kampala na mbele ya hapo, na mwaka 1996 alirudi na kasuku ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga.

"Ndoo mwanangu, ndoo umuone," aliniambia mlangoni, yaani njoo, kwa Kiamu. Kabla sijavua viatu, sauti ya mwanamume ikaitika kutoka ndani: "Ndoo, mama, ndoo!" Kisha kikohozi kizito, cha mvuta sigara wa miaka mingi. Nikasita, nikidhani nimeingia nyumba yenye mgeni wa kiume.

"Huyo ndiye mgonjwa," akasema mama. "Na hiyo ni sauti ya marehemu."

Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo kwamba nyumba ile haikuwa na ndege tu. Ilikuwa na kikohozi cha baba.

Alivyokuwa akianguka

Tundu liliwekwa chumba cha ndani kabisa, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mahali penye ubaridi na kiza hata saa sita mchana. Nilivyoelezwa, ndege huwa amekaa kwenye mti wake, mara hushika nyuzi za tundu kwa mdomo kama anayeogopa kuteleza, akatetemeka, akaanguka chini mabawa yakipiga, miguu imekakamaa, mato (macho) yako wazi. Haifiki dakika. Baadaye hukaa pembeni amezubaa, hasemi kitu. Mara nne katika wiki mbili. "Na yeo alfajiri tena," mama akaongeza.

Kabla yangu walikwisha pita wengine. Jirani alisema ni kijicho: ndege anasema vile, wageni wanamsifu bila ya kutaja mashallah, yatakosaje kumfika? Mwingine akasema degedege. Hapo mama mwenyewe alicheka, maana wazee husema degedege la mtoto huletwa na dege apitaye usiku juu ya nyumba. Sasa ndege naye aingiwe na dege vipi? Kombe, aya za Kurani za kuoshwa na kunywewa, lilikwisha andikwa kwa zafarani likatiwa kwenye kikombe chake cha maji. Na kila Alhamisi jioni ubani ulifukizwa chini ya tundu. Kombe halikumdhuru. Ubani nitaurudia.

Mimi nilimtazama nusu saa. Amekaa wima, mkia mwekundu unang'aa, anaita, anakohoa, anaiga mlio wa simu ya zamani ya kubofya. Kifuani hana manyoya, ngozi tupu kama ya kuku aliyenyonyolewa, lakini nikaambiwa ni joto nami nikakubali. Nikatazama kinyesi, nikafikiria minyoo, nikampa dawa ya minyoo, nikaenda zangu.

Orodha ya niliyoyaacha siku ile ni ndefu kuliko ya niliyoyafanya. Sikumpima uzito. Sikuuliza anakula nini. Niliona kikombe kimejaa mbegu za alizeti, nikaona hana njaa. Sikuuliza tundu liko pale tangu lini. Na kubwa lao, nilimsikiliza badala ya kumtazama. Punda akiumwa hunyamaza, akainamisha kichwa, hata mtoto akajua. Huyu alikuwa anasema, na anayesema sisi humhesabu mzima. Baadaye ndipo niliposoma kwamba ndege wa namna hii huficha ugonjwa mpaka hawezi tena, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu katika kundi ndiye anayechaguliwa na mwewe. Yale maneno hayakuwa na habari yoyote ya mwili wake.

Yai

Siku ya kumi na tisa nikapigiwa simu usiku. Mjukuu, katika kubadilisha gazeti la chini ya tundu, alikuta kitu cheupe, laini, kimebonyea kama mpira wa mezani uliokanyagwa. Nilipofika kilikuwa juu ya sahani na watu wa nyumba wamekizunguka. Yai. Ganda lake ungeweza kulikunja kwa kidole.

Miaka zaidi ya ishirini Maneno alihesabiwa dume, kwa sababu ya sauti. Kasuku wa kijivu dume na jike ni wamoja kwa umbo. Anayetaka uhakika hupeleka unyoya maabara. Au husubiri yai. Vijana walicheka. Mama akaketi juu ya kitanda, akamwangalia ndege kwa muda, akasema, "Kumbe ni mke mwenzangu." Sikujua kama nicheke.

Lakini lile ganda laini lilinirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe. Ng'ombe wa maziwa, siku mbili tatu baada ya kuzaa, huweza kutetemeka, kulegea miguu, akalala amekunja shingo ubavuni. Wafugaji wa Mpeketoni wanaijua hali hiyo: kalsiamu yote imekimbilia kwenye maziwa, damu imebaki tupu. Ukimtilia kalsiamu mshipani pole pole, anainuka mbele ya macho yako. Ndege huyu hana maziwa, ila ana mayai, na ganda la yai ni kalsiamu. Kama hana ya kutengenezea ganda, ya kuendeshea misuli na mishipa ya fahamu atakuwa nayo wapi?

Nikampigia daktari wa ndege Nairobi, niliyeunganishwa naye na mtu niliyesoma naye. Maswali yake mawili ya kwanza: anakula nini, na anapata jua? Nilijibu alizeti, na hapana. Akanyamaza kidogo, kwa adabu.

Maelezo yake, kwa ufupi wangu. Kasuku wa kijivu wanajulikana kati ya kasuku wote kwa udhaifu huu mmoja: kalsiamu ya damu yao hushuka upesi, na ikishuka huanguka vile vile Maneno alivyoanguka. Alizeti ina mafuta mengi na fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo, na vitamini A na D karibu hakuna. Vitamini D ndiyo inayofungulia kalsiamu mlango wa kutoka tumboni kuingia damuni, na mwili wa ndege huitengeneza kwa jua lenyewe. Jua la kupitia kioo halifai, kioo huzuia mionzi inayotakiwa. Sasa mchukue ndege wa namna hiyo, umlishe alizeti miaka mingi, umweke chumba cha ndani cha nyumba ya Lamu iliyojengwa makusudi ili jua lisiingie. Ukiniuliza, la kushangaza ni kwamba alichelewa hivyo kuanguka.

Na kwa nini yai sasa, na hana dume? Wajukuu walikuwa wakimpapasa mgongoni kila jioni, chini hadi mkiani, naye hutulia na kufumba macho. Kila mtu aliona ni mapenzi. Ni mapenzi kweli, ila ya aina nyingine: kwa kasuku, kuguswa mgongo ni kazi ya mwenzake wa kuzaa naye. Mwili wake ulikuwa unaambiwa kila siku kwamba dume yupo.

Matibabu

Sindano ya kalsiamu tulimpa usiku ule ule, imepunguzwa makali kwa kipimo nilichotajiwa kwenye simu, ndege amefungwa kwa taulo na taa zimepunguzwa. Kipimo sikiandiki hapa, kwa sababu najua kuna atakayekijaribu, na kalsiamu ikizidi husimamisha moyo. Asubuhi nikampima kwenye mizani ya duka la viungo: gramu 362. Ndege mzima wa aina yake huwa na gramu 400 na zaidi kidogo.

Chakula ndicho kilichotuchosha. Kasuku aliyezoea alizeti ni sawa na mtoto aliyezoea peremende. Mchicha aliopewa siku ya kwanza aliutupa chini jani kwa jani, akitukana kwa sauti ya marehemu (mama aliona haya). Tulipunguza alizeti pole pole, tukatia majani ya kunde, mlonge, karoti iliyochemshwa, boga, papai, wali wa jana wenye maharagwe. Akagoma siku sita. Siku ya saba mama akaketi mbele ya tundu akala boga yeye mwenyewe, taratibu, akimsifia boga. Ndege akanyoosha shingo. Hiyo hila haikutoka kwa daktari yeyote.

Kalsiamu ya kila siku tuliipata bure. Lile gamba jeupe jepesi la ndani ya dome, mnyama wa baharini mfano wa ngisi, linalotupwa na mawimbi ufuoni Shela, ndilo hasa linalouzwa kwa wafugaji ndege nchi za nje likiwa limefungwa kwenye karatasi nzuri. Linaoshwa, linaanikwa, linatundikwa kwenye tundu. Watoto walileta gunia.

Tundu likahamia kiwandani asubuhi, nusu yake juani na nusu kivulini ili achague mwenyewe. Ubani ukahamishiwa chumba kingine. Hapa palikuwa na ubishi, na sikuwalaumu, nyumba bila ya ubani Alhamisi ni nyumba gani? Lakini mapafu ya ndege si kama yetu. Hewa hupita mapafuni hadi kwenye vifuko vilivyoenea mwili mzima, na moshi unaotukereketa koo sisi yeye humwingia mpaka karibu na mifupa. Sufuria zenye rangi nyeusi zisizoshika chakula, zikiungua kavu jikoni, huua kasuku kwa dakika chache. Na jambo lililonitia baridi: mjukuu mmoja alikuwa akimpa Maneno kijiko cha juisi ya parachichi. Parachichi ni sumu kwa kasuku. Katika mji huu ambao kila kona ina glasi ya juisi ya parachichi, ndege huyu ameishi kwa bahati ya Mungu.

Kupapasa mgongo kukapigwa marufuku. Kichwa tu.

Kifua kitupu

Hakukuwa na joto lolote. Manyoya aliyang'oa mwenyewe, na mama, alipoulizwa vizuri, alikumbuka yalianza miezi michache baada ya maziko.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu huyu ndege ni nani, maana mimi mwenyewe sikujua. Porini kasuku wa kijivu hulala kwa makundi, mamia na hata maelfu, kwenye miti mirefu au minazi na michikichi. Alfajiri hutawanyika vikundi vikundi kwenda kula, wakiitana njia nzima. Kila ndege ana mwenzake, na wawili hao hukaa pamoja miaka. Jike hutaga mayai matatu hadi matano ndani ya shimo la mti mrefu, huyaatamia kama mwezi mmoja, na makinda huchukua karibu wiki kumi na mbili kabla ya kuruka. Kujifunza sauti ni sehemu ya maisha hayo: kila kundi lina milio yake, na anayeijua ndiye mwenyeji. Ukimtoa mmoja ukamweka Mkomani, kundi lake ni wale anaowaona, na milio yao ndiyo ataijifunza. "Ndoo, mama, ndoo" ilikuwa ni juhudi ya kuwa mmoja wetu.

Akili yao si hadithi za vijiweni. Irene Pepperberg, mwanasayansi wa Marekani, alinunua kasuku wa kijivu dukani mwaka 1977, akamwita Alex, na akamfundisha miaka thelathini, mpaka ndege alipokufa mwaka 2007. Alex aliweza kutaja rangi, umbo, kitu kimetengenezwa na nini, na kuhesabu vitu vichache. Mwaka 2020 watafiti Désirée Brucks na Auguste von Bayern walionyesha jambo lililonigusa zaidi: kasuku wa kijivu aliyepewa vipande vya kubadilishana na chakula, akiona jirani yake hana, alimpitishia vyake kwenye tundu la ukuta bila ya yeye mwenyewe kupata kitu. Sasa tunasema mtu "anakariri kama kasuku" tukimaanisha haelewi asemalo. Methali nyingine tutazitetea, hiyo sijui.

Mnyama wa namna hiyo alifiwa na mtu aliyekuwa kundi lake, akaachwa chumba cha kiza na bakuli la alizeti. Anang'oa manyoya kama mtu anavyouma kucha.

Alikotoka

Mume alisema alimnunua Kampala, lakini muuzaji alisema ni wa Kongo. Inaelekea. Nchi ya kasuku hawa ni mkanda wa misitu kuanzia Ghana na majirani zake, Nigeria, Kamerun, Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mji wa Kindu, jimbo la Maniema, ambako Kiswahili kilifika na misafara ya pwani na kikabaki, una sehemu iitwayo Kasuku. Ndege huyu na lugha yetu wamejuana zamani.

Na Kenya? Nilipouliza vijana wa Langoni kama kasuku wa kijivu yupo porini Kenya, mmoja alinijibu kasuku ni mkebe. Wengi wetu mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kupimia unga na maharagwe sokoni, tumeushika mara elfu, na picha yake hatujaitazama. Porini yupo, au tuseme alikuwapo: msitu wa Kakamega ndio mwisho wa mkanda ule upande wa mashariki, na waliobaki huko ni wachache mno. Pwani hajawahi kuwa wake.

Wanavyokamatwa ni hivi. Kasuku mmoja aliyefungwa huwekwa juu ya mti ili aite. Matawi yamepakwa ulimbo. Wenzake, kwa kuwa ni ndege wa kuitikiana, huja. Nyavu hutumika pia, na makinda hutolewa mashimoni, mara nyingine kwa kuangusha mti mzima, na mti wenye shimo la kufaa huchukua miaka mingi kuwa hivyo. Kisha safari, kwenye masanduku yaliyojaa, ambako wengi hufa kabla ya kufika bandari yoyote. Hesabu rasmi za biashara halali ya kimataifa, kwa miongo minne kufikia 2016, zinapita ndege milioni 1.3 waliotolewa porini. Hao ni waliofika na karatasi. Waliokufa ulimboni na masandukuni hawamo.

Ghana ndiko palipopimwa vizuri. Watafiti walirudi kwenye maeneo yale yale yaliyojulikana kwa makundi makubwa, wakatoa matokeo mwaka 2016: tangu 1992 kasuku wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Misitu imekatwa, ndiyo, lakini kasuku walipungua kuliko misitu. Mwaka huo huo Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka katika kundi la walio hatarini kutoweka, na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ukamhamisha kutoka Kiambatisho cha pili, alimokuwa tangu 1981, kwenda cha kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya ndege wa porini imekatazwa. Amri ilianza kazi tarehe 2 Januari 2017. Umoja wa Ulaya ulikuwa umefunga mlango kwa ndege wa porini tangu 2005 kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, ukaufunga moja kwa moja 2007. Soko likahamia kwingine, Asia na nchi za Ghuba.

Ndege anayezaa makinda machache kwa mwaka, na asiyeanza kuzaa mpaka afike miaka mitatu hadi mitano, hawezi kufidia hasara ya namna hiyo. Mvuvi yeyote wa kamba anaielewa hesabu hii bila ya kuandikiwa.

Mawazo mawili yalitolewa na jamaa wa nyumba, yote kwa nia njema, na kwenye mawazo hayo nilitumia maneno mengi kuliko kwenye sindano.

La kwanza, la binti mkubwa: tumnunulie mwenzake. Kuna mtu kwenye simu anauza, picha zipo, bei inazungumzika. Nilimwambia atazame jicho kwenye picha. Kasuku wa kijivu mchanga ana jicho jeusi. Hugeuka kijivu, kisha manjano hafifu akikaribia mwaka wa pili. Yule wa kwenye simu alikuwa na jicho jeusi. Maana yake ni kinda wa juzi, na kinda wa juzi asiye na karatasi katoka shimo la mti. Maneno mwenyewe aliingia nyumba hii kwa kununuliwa na mtu mwema. Hakuna mtego wa ulimbo ungewekwa mahali popote kama mwisho wa njia hapangekuwa na mtu mwema mwenye kikapu. Binti hakulipenda neno hilo, kwa kuwa lilimgusa babake, na pengine ningelitafutia njia laini zaidi. Lakini sikulirudisha.

La pili, la mpwa anayeendesha gari Malindi: amwachilie Arabuko-Sokoke, msitu wa serikali, mkubwa, kilomita za mraba zaidi ya mia nne, awe huru. Hili lilikuwa gumu zaidi kulipinga, kwa sababu linasikika kama haki. Maneno hajaruka miaka ishirini na kitu. Misuli ya bawa imekwisha. Hajui mwewe. Mirihi ya Arabuko si michikichi ya Kongo, na hakuna hata ndege mmoja wa kumwitikia. Angekufa wiki ya kwanza, na hiyo ndiyo sehemu ndogo ya shari. Ukanda ule una kasuku wake wenyewe, wale wadogo wa kijani wenye kichwa cha kahawia. Kasuku wa kufugwa huweza kubeba kirusi kiletacho ugonjwa wa mdomo na manyoya, ambacho hutoka na vumbi la manyoya na kukaa siku nyingi ndani ya mashimo ya miti. Kasuku wa Afrika Kusini walio ukoo mmoja na hao wa kijani wameumizwa sana na ugonjwa huo. Kumwachilia mmoja kwa huruma kungeweza kuwa msiba wa wenyeji ambao hawakumkosea mtu.

Mpwa akauliza: basi hakuna anayerudishwa porini? Wapo. Kongo, huko huko Maniema, na Uganda, kasuku walionyang'anywa wasafirishaji wamepimwa magonjwa, wakaota tena manyoya ya mabawa, wakafunguliwa wakiwa kundi, katika nchi yao. Hao walikamatwa wakubwa na hawajasahau. Huyu wetu amesahau, kama aliwahi kujua.

Karatasi

Maneno hakuwa na kibali. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila ya kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kununuliwa zamani hakumtoi mtu ndani ya sheria. Mwaka 2022 KWS ilitoa kipindi cha msamaha kwa wenye kasuku wa kijivu wajitokeze wawasajili bila ya malipo. Habari ilifika Mkomani imegeuka: wanakusanya ndege. Mama akafunga dirisha la upande wa ndia (njia), akamfundisha kila mjukuu kusema hapana kasuku hapa. Maneno akaendelea kuita "ndoo" kwa nguvu zake zote, mji mzima ukijua.

Nilimshauri aende mwenyewe, na nikamwambia ukweli kwamba siwezi kumhakikishia matokeo. Daktari wa wanyama akiona mnyama wa namna hii hawezi kujifanya hakuona. Na mgonjwa anayefichwa hatibiwi vizuri, mchukuaji wa dawa anapita uchochoroni kama mwizi. Msimamo wangu nauandika wazi: ndege wa umri huu, aliyezoea nyumba hii, anayeangaliwa sasa ipasavyo, abaki hapa na kibali, na asibadilishwe na mwingine siku atakapokufa. Wapo watakaosema kumwachia mama ni kumtunuku kosa. Huenda. Lakini wangemtazama akila boga mbele ya tundu.

Alikwenda siku ya Jumatatu, na bahasha yenye picha, barua ya daktari wa Nairobi, na daftari langu la uzito. Nilimsindikiza hadi mlangoni. Ofisa alikuja nyumbani wiki iliyofuata, akapiga picha, akaandika, akakaribishwa kahawa, akaitwa "mama" na kasuku. Ombi liko njiani.

Tangu sindano ya pili hajaanguka. Ni mwezi wa tano sasa. Uzito wa mwisho gramu 409. Yai jingine halijaonekana. Anakula mlonge kabla ya kitu chochote, na gamba la dome analimaliza kwa siku tisa. Asubuhi akiwa kiwandani huwajibu kunguru, na punda wa jirani amekwisha mwiga vizuri kiasi cha kunigeuza kichwa mimi niliyezoea punda. Kifuani manyoya yameota pembeni tu. Katikati ngozi imekuwa ngumu, yenye kung'aa, na kwa nilivyoigusa, mizizi ya manyoya imekufa. Hapo hayatarudi. Nitampima tena kusi likianza.